Panya Weupe wa Kibondo na Damu ya Odeta

Vijana wa maabara niliowaacha kazini wameniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani, kabla ya mashine zinazohesabu damu zenyewe huku ninyi mkinywa chai. Habari za mishahara na vyeo sitaziandika. Zimo kwenye majalada, na humo zinakaa vizuri. Nitaandika habari za panya, kwa sababu kazi yangu ilianza na panya, na jambo ninalojivunia kuliko yote niliyofanya kabla ya kustaafu lilitokana nao.

Naitwa Zuhura. Nimezaliwa Kasulu mjini, dukani. Baba yangu alitoka Ujiji akapanda huku milimani kuuza nguo na chumvi, akamwoa mama yangu, Muha wa hapo hapo, hivyo nyumbani tulisema Kiswahili mbele ya baba na Kiha jikoni. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilimaliza mafunzo ya usaidizi wa maabara, nikapangiwa Kibondo, kwenye kituo kidogo cha kupima malale. Nilishonesha koti jeupe kwa fundi wa Kasulu, mama akalipiga pasi mara mbili, nikapanda lori la mizigo nikiwa nimelishika mkononi lisikunjike. Njia nzima nilikuwa najiona nimeshaketi kwenye hadubini.

Aliyenipokea ni mkuu wa maabara, Mzee Ruhaga, mtu mrefu, mkimya, mwenye mvi zilizoanzia karibu na masikio. Nikamwamkia, akaitika, akalitazama koti langu.

"Livue kwanza, binti. Utalichafua."

Akanipeleka nyuma ya jengo kwenye kibanda chenye madirisha ya wavu, akanikabidhi ufagio na debe la maranda kutoka kwa seremala. Ndani mlikuwa na vizimba vimepangwa ukutani, na katika kila kizimba panya weupe wenye macho mekundu, wananitazama. Harufu yake iliniingia kwenye nywele na haikutoka mpaka nilipohamishwa miaka mingi baadaye.

"Hawa ndio wakubwa wa kituo," Mzee Ruhaga akasema. "Mimi nafuata. Wewe unafuata baada ya ufagio."

Hakuwa anatania sana. Wafuata asali na wawindaji wa porini waliumwa na mbung'o, wakaja kwetu na homa na usingizi wa mchana. Vimelea vya malale ni vijanja. Unaweza kuitazama damu ya mgonjwa kutwa nzima usivione. Basi tulichukua damu ile kidogo, tukamchoma panya tumboni, na kila siku tukakata ncha ya mkia wake kupata tone la kuangalia. Kama vimelea vilikuwepo, vilizaliana ndani ya panya mpaka vikaonekana vinapiga makasia kati ya chembe za damu. Kwa hiyo panya akiwa mchafu, au ana njaa, au anaumwa ugonjwa wake mwenyewe, jibu la mgonjwa linapotea. Kufagia kizimba kulikuwa sehemu ya kipimo. Nawaambia hili kwa sababu nimeona siku hizi mnamwachia mtu wa usafi kila kitu.

Mjini waliniita Mama Panya. Nilikuwa sijaolewa na tayari nina watoto wengi kuliko mwanamke yeyote wa Kibondo. Mzee Sefu, mwenye duka lililotuuzia dagaa wa kuwalishia, hakuacha kunichokoza.

"Zuhura mwanangu, sisi tunapanga foleni ya sukari, na serikali inawalisha panya dagaa wa Kigoma?"

"Mzee wangu, siku ukiugua malale, huyo panya ndiye atakayekusemea."

Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Tangu siku hiyo kipimo chake cha dagaa kilijaa zaidi kidogo.

Nilipokubaliwa kukaa kwenye hadubini, Mzee Ruhaga hakunipa mgonjwa. Alinipa damu ya watu wazima wa afya, kisha damu ya panya wazima, wiki baada ya wiki. Hadubini yetu ilitumia kioo cha kunasa jua. Mawingu yakipita tulikunja mikono na kusubiri. Slaidi tuliziosha kwa sabuni tukazitumia tena mpaka zikakwaruzika. Sindano tulizichemsha kwenye jiko la mafuta ya taa. Nilimlalamikia kwamba nimechoka kuangalia damu isiyo na kitu.

"Haina kitu?" akaniuliza. "Niambie chembe nyeupe ulizoona ni za namna ngapi, na ipi ilikuwa nyingi."

Sikuweza. Nikarudi kuangalia. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi: sikukaripiwa, nilirudishwa tu kwenye kiti.

Daktari Mwombeki alikuja baadaye, kijana wa Bukoba, mwenye mwendo wa haraka na maswali mengi. Alisimamia kituo chetu na wodi ya hospitali pia. Wengine walimwona msumbufu. Mimi nilimpenda, maana alikuwa daktari wa kwanza kuniuliza nimeona nini kabla hajaniambia yeye anatarajia nini.

Kiangazi kimoja, baridi ya milimani ilipokuwa kali, panya wetu walianza kujikunyata. Manyoya yalisimama, walikaa pembeni bila kula, na kila asubuhi niliokota waliokufa. Katika damu ya mikia yao hapakuwa na vimelea vya malale. Nilichoona ni kwamba chembe nyeupe zilikuwa zimepungua sana. Nilizunguka slaidi nzima kuzitafuta kama mtu anayetafuta mbuzi waliopotea. Nikawaita wakubwa wangu wote wawili.

"Waue wote, uwachome moto," akasema Mzee Ruhaga. "Leo hii. Hatuwezi kumpima mtu kwa panya mgonjwa."

"Nipe siku chache," akasema Daktari Mwombeki.

Alichukua bandama ya panya aliyekufa, akaisaga na maji ya chumvi, akapitisha majimaji yake kwenye chujio ambalo bakteria hawapiti, na tukawachoma panya wazima wachache kwa yale yaliyochujwa. Nao wakaugua vilevile.

"Kilichopita hapa ni kidogo kuliko bakteria," akasema. "Nadhani ni virusi. Virusi gani, sina chombo cha kujulia. Lakini kinachofanyika ndani ya mifupa yao tunaweza kukiona."

Mzee Ruhaga hakupendezwa. Alisema, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba kuna watu wanasubiri majibu ya malale. Daktari alikubali kwamba ana haki. Wakafikia hivi: panya wagonjwa wahamishwe kwenye jiko la zamani la matofali, mbali, na mtu anayeingia huko asiguse vya upande wa pili bila kunawa na kubadili nguo. Kibanda kipigwe chokaa upya. Na panya safi waletwe kutoka Kasulu, kwenye maabara ambayo tuliwahi kuigawia mbegu ya panya wetu.

Mleta panya nikawa mimi. Lori la maharage lilinifikisha kwetu Kasulu jioni, nikapewa panya kesho yake, na lori la kurudi likachelewa. Ilibidi nilale nyumbani na sanduku langu la mbao lenye matundu.

"Zuhura, hilo sanduku lina nini?" mama akauliza.

"Vifaa vya kazi."

Vifaa vikalia. Mama akapiga kelele za Kiha ambazo sitaziandika. Baba akatoka dukani na miwani mkononi.

"Mimi nimekusomesha, mwanangu, nikawaambia watu binti yangu anapima magonjwa. Leo unaniletea panya dukani, kwenye majora ya vitambaa!"

"Baba, hawa wana nasaba kuliko sisi. Hawajawahi kuona shimo."

Alijaribu kukasirika, akashindwa. Sanduku lililala barazani chini ya kapu zito, na alfajiri nilimkuta baba amechuchumaa, anawapitishia punje za mahindi tunduni.

Kibondo kazi ikaanza. Asubuhi nilihudumia panya safi na vipimo vya malale. Mchana nilibadili nguo nikaenda jikoni kwa panya wagonjwa. Kila baada ya siku chache daktari alichagua panya mmoja aliyechomwa virusi, na mmoja mzima wa kulinganisha naye. Tuliwaua upesi, bila kuwatesa. Mzee Ruhaga alinisimamia mpaka mkono wangu ulipozoea kufanya mara moja na kumaliza. Kisha nilitoa mfupa wa paja, nikakata ncha zote mbili, nikaingiza sindano nyembamba na kusukuma majimaji. Uboho ukatoka upande wa pili.

Uboho wa panya mzima hutoka mwekundu, umeshikamana, kama uzi mnene. Ule wa panya waliokuwa katikati ya ugonjwa ulitoka mwepesi, umepauka, unasambaa kwenye slaidi kama supu ya jana iliyoongezwa maji. Kwenye hadubini niliona nafasi tupu na mafuta, chembe zimeachana. Mahali ambapo damu hutengenezwa palikuwa kama soko lililofungwa.

Nilidhani mwisho wao ndio huo. Wengi walikufa, kweli. Lakini wale waliovuka walinishangaza. Siku niliyosukuma mfupa wa mmoja wao, uzi ulitoka mnene, na slaidi ilijaa chembe kubwa za buluu, changa, nyingine zikiwa katikati ya kugawanyika. Bandama yake ilikuwa imevimba kupita kawaida, nayo ndani ilikuwa inatengeneza damu, jambo ambalo panya hulifanya kwa urahisi kuliko sisi. Na katika tone la mkia wake, nilipolitia rangi maalumu, zilionekana chembe nyekundu changa tele, zile ambazo bado zina nyuzi za buluu ndani yake kwa sababu zimetoka mfupani juzi tu.

"Daktari, njoo uone," nikasema. "Huyu amefungua duka."

Akakaa muda mrefu kwenye hadubini. Ndipo akatueleza, mimi na Mzee Ruhaga, akichora kwa chaki kwenye meza. Ndani ya uboho kuna chembe mama, chache mno, nyingi zikiwa zimetulia. Virusi vinapoingia, chembe zinazofanya kazi ya kila siku hufa au husimama. Zile mama zikisalimika, huamshwa, huanza kugawanyika, na kizazi kipya chote cha damu kinatoka kwao.

"Zinaamshwa na nini?" Mzee Ruhaga akauliza.

"Hapo ndipo elimu yangu inapokoma, mzee."

"Na ukiwaugulisha mara ya pili?"

Tulijaribu kwa wachache. Walirudi, ila polepole zaidi, na uboho wao haukujaa kama mara ya kwanza. Daktari alisema panya wale ni wachache mno kujengea hoja, akaliweka jambo kiporo. Nilimheshimu kwa hilo.

Mwisho wa msimu tuliwaua panya wote wa jikoni, tukawachoma moto pamoja na maranda yao, tukaliziba jiko. Kilichobaki ni kasha la slaidi, nimezipanga tangu panya mzima, uboho unavyokonda, unavyokauka, mpaka unavyojaa tena. Zote nilizipaka rangi mimi. Daktari alipokwenda kwenye mkutano wa waganga alilichukua, na aliporudi akaniambia walimwuliza ni nani fundi wake. "Niliwaambia jina lako lote," akasema. Nilifagia vizimba siku ile kwa madaha.

Mvua zilipoanza, akaletwa Odeta.

Alikuwa msichana mdogo wa shule ya msingi, kutoka Murungu. Wazazi wake, Nestori na Konsolata, walivuka mpaka kutoka Burundi na wakimbizi wenzao, wakapata shamba na kuanza kulima maharage na mahindi. Nestori alimbeba mtoto kwenye baiskeli, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa mama yake aliyekaa nyuma. Odeta alikuwa na homa siku zilizotangulia, ikapoa, halafu akaanza kupauka. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga. Alipumua kwa kasi hata akiwa amelala.

Malaria haikuwepo. Malale haikuwepo. Tulifunika tone la damu yake kwa kioo chembamba, tukaziba pembeni hewa isiingie, na baada ya muda chembe zake zikajipinda kama mundu. Ni ugonjwa wa selimundu, ambao siku zile tuliuita siko seli. Hilo lilieleza kwa nini alikuwa mtoto wa kuumwa mifupa tangu utotoni. Halikueleza kwa nini damu imeshuka ghafla namna ile.

Mama yake alilingana naye kundi la damu, akatoa yake, tukaitundika chupa. Mtoto akachangamka, akaomba uji. Siku chache baadaye alikuwa amepauka tena kama mwanzo.

"Dada Zuhura," akasema Daktari Mwombeki, "mpimie chembe changa nyekundu."

Mgonjwa wa selimundu kwa kawaida huwa nazo nyingi, maana chembe zake hufa mapema na uboho hukimbizana kuziba pengo. Nilitia rangi, nikaangalia. Nikapaka slaidi nyingine. Nikamwita Mzee Ruhaga, naye akaangalia kwa utaratibu wake, mstari kwa mstari.

"Hamna hata moja," akasema.

Tuliangaliana. Sote tulikuwa tunakumbuka jiko la matofali.

Daktari alikuwa mwangalifu. Alisema mtoto si panya. Kwamba homa ile inaweza kuwa ya virusi, na virusi hivyo vinaweza kuwa vimesimamisha uboho. Kwamba amewahi kusikia watoto wa namna hii hukauka damu baada ya homa na wengine huvuka. Wengine. Odeta angehitaji chupa nyingine ya damu, pengine zaidi, na siku za kusubiri. Kama uboho umekufa kabisa, tutakuwa tumewatesa wazazi bure.

Nilipotoka nje nilimkuta Nestori anafunga kitenge kwenye baiskeli.

"Baba Odeta, unakwenda wapi?"

"Dada, wewe unajua lugha yetu," akasema, akichanganya Kirundi na Kiswahili. "Sema nami kama ndugu. Mtoto anakufa, sivyo?"

"Anaweza kufa. Sitakudanganya."

"Basi. Nimezika wawili waliokuwa hivi hivi. Wa kwanza alifia njiani, mgongoni mwa mama yake. Huyu nataka afie nyumbani, tumlaze karibu na mwenzake. Damu ya mama yake ameshaimaliza. Mtamwongezea ya nani?"

Nilitafuta maneno ya hospitali, sikuyapata. Nikamweleza nilichokuwa nacho. Nilimwambia tulikuwa na panya walioumwa, damu ikaacha kutengenezwa mifupani mwao, na kwamba mimi kwa mikono yangu niliona mifupa ile ikianza tena kazi.

Uso wake ukabadilika. "Unamfananisha mwanangu na panya?"

Konsolata alikuwa amekaa chini ukutani.

"Mwache aseme," akamwambia mumewe. Kisha akanigeukia. "Hao panya wako walipona wote?"

"Hapana, mama. Wengi walikufa."

"Waliopona walikuwa na nini ambacho wenzao hawakuwa nacho?"

Swali lile hata daktari hakuwa ameniuliza. Nikafikiri.

"Waliwahi kufika siku ambayo mfupa uliamka. Wenzao walikufa kabla. Hiyo chupa ya damu haimponyi Odeta. Inamfikisha tu siku hiyo, kama ipo."

"Kama ipo," akarudia Nestori.

"Kama ipo. Kila asubuhi nitaangalia damu yake, na nitakachokiona nitakwambia, kizuri au kibaya. Nikikuta siku zinakwenda na hakuna kitu, mimi mwenyewe nitakusaidia kumfunga kwenye baiskeli."

Alisimama pale ameshika usukani. Konsolata akanyoosha mkono, akakifungua kitenge kwenye baiskeli, akakikunja na kukiweka mapajani. Nestori akaiegemeza baiskeli ukutani.

Ikabaki damu. Ya Nestori haikulingana. Manesi waliolingana walikuwa wametoa karibuni. Nilikwenda mjini, na mtu wa kwanza niliyemwona ni Mzee Sefu, anapima chumvi.

"Mzee wangu, nataka damu yako."

"Damu yangu imejaa chai, mwanangu. Na sindano naziogopa tangu utotoni."

"Ni ya mtoto. Mtoto wa wakimbizi wa Murungu."

"Sikukuuliza wa wapi," akasema, akajifuta mikono. "Anaitwa nani? Nataka jina nimwombee."

"Odeta."

"Odeta," akajaribu kulitamka, likamtoka nusu. Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo Kibondo hawakuwahi kuliona isipokuwa Ijumaa. Damu yake ililingana. Alifumba macho muda wote na kusoma dua kwa sauti, hata nesi akamwomba apunguze. Mchana ule ule tuliitundika chupa yake.

Kesho yake niliangalia damu ya Odeta, hapakuwa na chembe changa. Nikatoka nikamwambia Nestori. Akaitikia kwa kichwa. Siku iliyofuata, hakuna. Iliyofuata, mawingu yalijaa, nikangoja jua mpaka saa za mchana, na halikuleta kitu. Kila mara nilitoka kumwambia, na kila mara aliniuliza swali moja, kama mtoto bado anavumilia. Mzee Ruhaga alikuwa akiangalia kila slaidi baada yangu bila kuombwa. Siku moja tu aliniambia, "Usianze kuiombea slaidi. Isome." Nilihitaji kuambiwa.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika, mawingu yametawanyika na jua lilikuwa safi. Nilianza ukingoni mwa slaidi, mstari kwa mstari. Nikaona chembe moja yenye nyuzi za buluu. Nikajikataza kufurahi, rangi huweza kuganda ikakudanganya. Nikaendelea. Ya pili. Kisha tatu zimekaa pamoja, nyuzi zake ziko wazi kabisa.

Niliinuka, nikampisha Mzee Ruhaga kiti. Aliangalia muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena.

"Kamwite daktari," akasema. "Na wazazi."

Daktari Mwombeki alikuja mbio, akaangalia, akapiga meza kidogo tu kwa kiganja, kisha akasimama kando kumpisha Konsolata. Nilimwonyesha namna ya kufumba jicho moja.

"Unaona duara zenye nyuzi ndani?"

"Naziona. Kama buibui wadogo."

"Hizo ni za Odeta mwenyewe. Si zako, si za Mzee Sefu. Zimetoka mfupani mwake."

Alibaki ameinama pale. Machozi yalidondoka mezani, nami nikavuta slaidi kidogo isilowe, maana kazi ni kazi. "Murakoze," akasema, neno lao la asante, akalirudia, na sikujua ananiambia mimi au anaiambia hadubini. Nestori hakutaka kuangalia. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, kichwa mikononi.

Siku zilizofuata chembe changa zilifurika mpaka sikuhitaji kuzitafuta. Odeta alidai uji, kisha ugali, kisha akaanza kugombana na mtoto wa kitanda cha pili. Aliondoka kwenye baiskeli ile ile, safari hii amekaa mbele. Ugonjwa wake wa kuzaliwa ulibaki naye, na tulimwona tena wodini kwa maumivu ya mifupa mara nyingi. Lakini alikua, akamaliza shule, na mimi nilialikwa harusini kwake.

Ninalotaka mlijue zaidi ni hili. Kabla ya Odeta, mtoto wa selimundu aliyepauka ghafla hapo kwetu alihesabiwa ameshakwisha. Baada yake, manesi wenyewe walileta damu maabara bila kusubiri daktari, wanataka kujua kama kuna chembe changa, na kama hakuna, mtu alitumwa kutafuta wa kutoa damu. Wapo tuliowapoteza. Wapo waliovuka, na hao nawakumbuka kwa majina.

Wa kwanza kati yao alikuwa mvulana kutoka Kumsenga, msimu mwingine wa mvua. Damu yake ilikuwa ya kundi la Nestori, na nilikuwa nimetuma ujumbe Murungu kwa gari la mazao bila kutegemea sana. Asubuhi nilimkuta Nestori amekaa kwenye benchi la wodi, amelowa, na wanaume watatu wa kijijini kwake. Walikuwa wametoka alfajiri kwa miguu. Alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Pembeni yake baba wa mvulana alikuwa amejiinamia, akisema kwa Kiha kwamba mtoto ameisha, bora amchukue.

"Sikiliza," Nestori alikuwa anamwambia. "Mvua ya mawe ikipiga maharage, shamba lote linakuwa matope. Ukiangalia unasema limekwisha. Lakini chini kuna yaliyobaki, hayajaota bado. Ukiling'oa shamba siku ile, umeyaua wewe. Kaa hapa. Mimi nitakaa nawe."

Nikaenda maabara kuchukua chupa na sindano.